Saa za Baada ya Kisu: Uangalizi wa Mgonjwa Aliyefanyiwa Upasuaji katika Milima ya Usambara

Mama mwenye umri wa miaka 27, mchuma chai wa Mponde, anafanyiwa upasuaji wa kujifungua usiku baada ya uchungu kukwama kwa muda mrefu. Mtoto anatolewa saa saba na nusu, analia vizuri. Saa nane na nusu mama anafikishwa wodini akiwa macho. Shinikizo lake la damu ni 118/70, na mapigo ya moyo ni 92 kwa dakika. Saa kumi mapigo yamefika 112 na shinikizo ni 110/70. Muuguzi wa zamu, aliye peke yake na wodi nzima, anaandika namba hizo, anaona shinikizo halijashuka sana, kisha anakwenda kwa mgonjwa mwingine anayemwita. Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya chai, mapigo ni 134, shinikizo ni 82/50, na mama anaomba maji kila mara.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo. Hauhusu mgonjwa wala kituo chochote. Hata hivyo, mhudumu aliyewahi kukaa zamu ya usiku katika kituo cha afya cha milimani atautambua. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: mama huyu alianza kuwa mahututi saa ngapi? Wengi watajibu kuwa ni saa kumi na mbili, shinikizo liliposhuka. Jibu sahihi ni saa kumi, au hata kabla yake. Muda wa saa mbili ulio kati ya majibu hayo mawili ndio unaozungumziwa katika makala hii, kwa kuwa thamani kubwa ya uangalizi maalumu baada ya upasuaji imo humo.

Vifo hutokea wodini

Watu wengi, wakiwemo baadhi ya wahudumu, huamini kuwa hatari ya upasuaji imo chumbani mwa upasuaji: kisu, damu na dawa ya usingizi. Ndugu hukaa nje wakiomba, na mlango ukifunguliwa wakaambiwa kazi imekwisha salama, hushusha pumzi. Takwimu zinaonyesha kuwa wanashusha pumzi mapema mno. Utafiti mkubwa wa matokeo ya upasuaji barani Afrika, uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet, ulifuatilia wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watano alipata tatizo baada ya upasuaji, na asilimia 2.1 walifariki, kiwango ambacho ni mara mbili ya wastani wa dunia. Wagonjwa hao walikuwa vijana, wastani wa umri wao ukiwa chini ya miaka 40, na wengi wao hawakuwa na magonjwa mengine mazito. Kwa hali hiyo walistahili kupona kuliko wenzao wa nchi tajiri, ambao kwa kawaida ni wazee. Zaidi ya vifo tisa kati ya kumi vilitokea baada ya upasuaji kwisha, si wakati wa upasuaji wenyewe.

Kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji katika utafiti huohuo, vifo vilikuwa zaidi kidogo ya 5 kwa kila upasuaji 1,000, yaani mara 50 hivi ya kiwango cha nchi zenye kipato cha juu. Kutokwa na damu nyingi na matatizo ya usingizi na ganzi vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na vifo hivyo. Hayo hayahitaji ugunduzi mpya wa sayansi. Tiba zake zinajulikana, na nyingi kati yake zimo katika miongozo iliyobandikwa ukutani.

Sababu ya tofauti hii imechunguzwa pia katika nchi tajiri. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walilinganisha hospitali zenye vifo vingi baada ya upasuaji na zenye vifo vichache, wakitumia kumbukumbu za wagonjwa 84,730. Ilitarajiwa kuwa hospitali zenye vifo vingi zingekuwa na matatizo mengi zaidi. Haikuwa hivyo, kwa kuwa matatizo yalikaribiana, robo ya wagonjwa au zaidi kidogo katika makundi yote mawili. Hospitali hizo zilitofautiana katika kuokoa. Aliyepata tatizo kubwa katika hospitali bora alikuwa na uwezekano wa kufa wa asilimia 12.5, na katika hospitali dhaifu asilimia 21.4. Wataalamu huita jambo hili kushindwa kuokoa. Tatizo humpata mgonjwa popote alipo, na uhai wake hutegemea nani analiona, baada ya muda gani, na ana nini mkononi.

Uangalizi maalumu ulianzia mikononi

Neno ICU humletea msikilizaji picha ya mashine zinazolia na mipira mingi. Historia yake ni nyingine. Mwaka 1952 ugonjwa wa polio ulizuka Copenhagen, Denmark, na wagonjwa wengi walishindwa kupumua. Mashine za kupumulia zilikuwa chache mno. Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi, alipendekeza koo litobolewe, mpira uingizwe, na hewa isukumwe kwa mfuko wa kubinywa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu, mchana na usiku, kwa miezi, wakiubinya mfuko huo kando ya vitanda. Vifo vya wagonjwa wa aina hiyo vilishuka kutoka zaidi ya asilimia 80 hadi karibu nusu ya kiwango hicho. Mwaka uliofuata Ibsen alianzisha wodi maalumu ya wagonjwa mahututi, ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza duniani.

Mashine zilikuja baadaye. Kilichotangulia ni uamuzi wa kutomwacha mgonjwa bila mtu, na kumpa mtu huyo jambo la kufanya. Chumba kinachoitwa ICU kisichokuwa na watu hao ni ghala la vifaa tu.

Pengo la vyumba hivyo kati ya mataifa halikanushiki. Ujerumani ina vitanda takriban 30 vya wagonjwa mahututi kwa kila watu 100,000. Uganda haifikishi hata kimoja kwa idadi hiyohiyo ya watu. Tanzania iliongeza ujenzi wa majengo ya wagonjwa mahututi na ya dharura kwa sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa mwaka 2021 wakati wa UVIKO-19. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini jengo huchukua miezi kukamilika, na muuguzi aliyebobea katika uangalizi wa mahututi huchukua miaka. Utafiti wa bara zima uliochapishwa mwaka 2025, uliohusisha nchi 22, ulikuta kuwa mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa hospitalini ni mahututi, na kwamba karibu asilimia 70 ya mahututi hao wamelala katika wodi za kawaida. Zaidi ya nusu yao hawakuwa wakipata tiba ya msingi waliyoihitaji: oksijeni, dripu, au hata kulazwa kwa namna inayolinda njia ya hewa.

Kuisoma chati kabla shinikizo halijashuka

Turudi kwa mama wa Mponde. Mjamzito huwa na damu nyingi zaidi mwilini kuliko asiye mjamzito, na mishipa ya kijana ina nguvu ya kujikaza. Damu inapopotea, moyo huongeza kasi na mishipa ya mikono na miguu hujibana ili ubongo na moyo wenyewe visikose. Kwa njia hiyo shinikizo hubaki karibu na kawaida hata baada ya lita moja au zaidi kutoka. Likishuka, maana yake akiba imekwisha. Anayesubiri shinikizo lishuke ndipo aite msaada anasubiri dalili ya mwisho.

Kuna hesabu rahisi isiyohitaji kifaa kipya: idadi ya mapigo igawanywe kwa namba ya juu ya shinikizo. Saa nane na nusu, 92 kwa 118 ilitoa takriban 0.8. Saa kumi, 112 kwa 110 ilizidi 1. Kwa mama aliyejifungua, 0.9 na kuendelea ni onyo la kutokwa damu. Asiyependa kugawanya akumbuke tu kwamba mapigo yakizidi namba ya juu ya shinikizo, damu inatafutwa papo hapo: chini ya shuka, katika pedi, ndani ya tumbo linalojaa. Mkojo nao husema. Mtu mzima wa kilo 60 anapaswa kutoa walau mililita 30 kwa saa. Mfuko wa mkojo uliobaki vilevile kwa saa mbili ni habari, hata kama hakuna aliyeiandika.

Saa kumi ina umuhimu mwingine. Asidi ya traneksamiki, dawa inayosaidia damu kuganda, ilithibitishwa mwaka 2017 katika utafiti wa wanawake zaidi ya 20,000 kuwa hupunguza vifo vya kutokwa damu baada ya kujifungua ikitolewa ndani ya saa tatu. Saa kumi ilikuwa saa mbili na nusu tangu mtoto kutolewa, na gramu 1 ikitolewa polepole kwenye mshipa ilikuwa bado na kazi. Saa kumi na mbili dirisha hilo lilikuwa limefungwa. Dawa ni ileile, na kabati ni lilelile.

Upumuaji hupuuzwa kuliko viashiria vyote, labda kwa sababu unahitaji kuhesabiwa kwa saa ya mkononi kwa dakika nzima. Katika chati nyingi huandikwa 20 kwa kila mgonjwa, namba ambayo haimwamshi mtu. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika ana hatari ya wazi, na anayepumua chini ya mara 8 vilevile, hasa aliyepewa morfini au pethidini. Oksijeni kwenye kidole ikiwa chini ya asilimia 90 isisubiri daktari kuamka. Oksijeni ifunguliwe kwanza, simu ipigwe baadaye. Mgonjwa asiyeamka vizuri alazwe ubavu.

Baridi inastahili kutajwa, kwani miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya miji ya pwani huisahau. Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni hadi Agosti milimani ni mkali. Mgonjwa hutoka chumba cha upasuaji akiwa amelowa, amefunuliwa kwa saa nzima, na dripu ya baridi ikiingia mwilini. Mwili uliopoa hauigandishi damu vizuri. Blanketi kavu na kofia ya sufi ni tiba, sawa na dripu.

Kuangalia bila uwezo wa kutenda

Hapa inafaa kueleza jambo ambalo watetezi wa uangalizi maalumu hulipita haraka. Baada ya matokeo ya 2018, watafiti walewale walipanga jaribio kubwa zaidi barani, lililohusisha hospitali zaidi ya 300, likachapishwa mwaka 2021. Wagonjwa walio katika hatari zaidi walitambuliwa kabla ya upasuaji, kisha wakapewa uangalizi wa ziada: kitanda kinachoonekana kutoka meza ya wauguzi, vipimo vya mara kwa mara, ndugu kuruhusiwa kukaa, mwongozo kando ya kitanda, au wodi ya uangalizi wa juu palipowezekana. Vifo havikupungua kwa kiwango cha kuaminika.

Uchambuzi wa mwaka 2017 wa wagonjwa zaidi ya 44,000 kutoka nchi 27 haukuona kuwa kuwapeleka ICU kwa mazoea wagonjwa wa upasuaji uliopangwa kunaokoa maisha zaidi. Na utafiti wa Ulaya wa mwaka 2012 ulikuta kuwa karibu robo tatu ya waliofariki baada ya upasuaji hawakuwahi kulazwa ICU hata mara moja. Kumbe hata penye vitanda tele, mgonjwa anayekufa mara nyingi si yule aliyewekewa kitanda.

Matokeo haya hayasemi kuwa uangalizi hauna thamani. Maana yake ya karibu zaidi ni kwamba kuona na kutenda havitenganishwi. Muuguzi akiambiwa apime kila nusu saa, bila kuongezewa mwenzake, bila damu katika friji, na bila ruhusa ya kumwamsha mpasuaji, ataandika kifo kwa usahihi zaidi. Katika ICU ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ulijaribiwa utaratibu mwepesi uliounganisha mambo hayo mawili: kila kiashiria cha hatari kilichoandikwa kilikuwa na tiba yake ya kwanza, na muuguzi aliruhusiwa kuianza. Tiba za haraka ziliongezeka sana, na vifo vilipungua kwa wagonjwa walioingia na shinikizo la chini. Kazi hiyo ilichangia fikra ya huduma ya msingi ya dharura na mahututi, ambayo mwaka 2021 wataalamu kutoka nchi 59 waliiwekea orodha ya vitendo 40 vinavyoweza kufanyika katika hospitali yoyote, hata isiyo na ICU.

Mapishi ya nchi tajiri nayo hayahami bila kuchunguzwa. Somo la karibu kabisa limo mkoani Tanga kwenyewe. Hospitali Teule ya Muheza, chini ya Usambara Mashariki, ilikuwa miongoni mwa vituo sita vya Kenya, Uganda na Tanzania vilivyoshiriki utafiti wa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu, uliochapishwa mwaka 2011. Desturi iliyofundishwa duniani kote ilikuwa kuwamiminia maji ya mshipani kwa haraka. Waliomiminiwa walikufa zaidi, asilimia 10.5 hivi ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wasiomiminiwa. Jaribio la Lusaka la mwaka 2017, kwa watu wazima wenye maambukizi makali na shinikizo la chini, lilitoa picha kama hiyo. Hao hawakuwa wagonjwa wa upasuaji, na mwenye kutokwa damu bado anahitaji maji na hasa damu bila kuchelewa. Lakini mgonjwa wa siku ya nne baada ya utumbo kutoboka, mwenye homa na tumbo gumu, asimiminiwe dripu tano kwa haraka kwa sababu tu kitabu cha mahali penye mashine za kupumulia kinasema hivyo. Apewe viuavijasumu ndani ya saa ya kwanza, maji kwa kiasi huku upumuaji ukihesabiwa, na mpasuaji aitwe, kwa kuwa huenda tumbo linahitaji kufunguliwa tena.

Barabara ya kushuka

Anayeshuka kutoka Mponde kwa njia ya Soni hupita kona za bonde hadi Mombo, ndipo akutane na barabara kuu. Kutoka hapo ni Korogwe, Segera, Muheza na hatimaye Tanga, iliko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Masika yakikolea, sehemu ya udongo pekee inaweza kula saa nzima. Kwa hiyo uamuzi wa rufaa huku milimani hufanywa mapema kuliko mjini: yule ambaye Tanga angengojewa mpaka asubuhi, hapa anaandaliwa usiku. Rufaa isiyokuwa na oksijeni garini, mshipa uliofunguliwa vizuri na simu kwa hospitali inayompokea ni kuhamisha kifo tu kutoka wodini hadi barabarani. Kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, mfumo wa m-mama hupatikana bila malipo kwa namba 115, na familia isiyoijua namba hiyo ifundishwe kliniki, wala isingoje usiku wa dharura.

Uamuzi wenyewe mara chache huwa wa mgonjwa peke yake. Mjomba, mama mkwe na kaka mkubwa hukaa nje ya wodi na kujadiliana, na hofu yao kubwa huwa kwamba ICU ni chumba cha kufia. Wahudumu wasiidharau hofu hiyo, kwani imejengwa na waliyoyaona: ndugu zao walipelekwa huko walipokuwa wamekwisha kuishiwa. Waelezwe waziwazi kwamba chumba hicho humfaa mwenye tatizo linalotibika anayehitaji kusaidiwa kupumua au kushikiliwa shinikizo kwa saa au siku chache, na kwamba humfaa zaidi anayefika mapema. Waelezwe pia, bila aibu, kwamba si kila mgonjwa atafaidika. Mwenye saratani iliyosambaa na mwili uliochoka anaweza kustahili dawa ya maumivu na kulala karibu na wanawe kuliko mashine iliyo kilomita nyingi kutoka nyumbani.

Gharama ni sehemu ya hofu hiyo. Tume ya Lancet ya mwaka 2015 ilikadiria kuwa watu milioni 33 kila mwaka duniani huangukia matumizi ya kuwafilisi kwa kulipia upasuaji na usingizi tu, bila kuhesabu nauli na chakula cha anayeuguza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefungua njia. Mchuma chai ataipima siku atakapopewa rufaa ya Bombo bila kuuza ng'ombe.

Ndugu anayeuguza, kwa upande wake, ndiye jicho lililo karibu zaidi kitandani. Huosha, hulisha, hukesha. Asiachiwe kazi ya muuguzi, lakini aambiwe kwa Kiswahili chepesi, au kwa Kisambaa, mambo ya kumfanya ainuke na kuita: pedi kulowa ndani ya muda mfupi, kuhema haraka, mwili wa baridi wenye jasho, kuongea yasiyoeleweka, usingizi usioamshika, mkojo kukatika. Akiita, aitikiwe hata kama mara hii ni bure, maana aliyekaripiwa saa nne usiku hataita saa kumi.

Mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani aondoke na maneno hayohayo, pamoja na haya: homa, usaha au harufu kidondani, tumbo kuvimba na kutopata choo wala hewa, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kukosa pumzi ghafla. Apewe siku ya kurudi na namba ya simu ya wodi, iandikwe kwenye kadi kwa herufi kubwa. Kama nyumba yake iko upande wa bonde usio na barabara ya gari, aulizwe kabla hajaondoka ni nani mwenye pikipiki jirani, na jina hilo liandikwe pia.